Tuutunze Wakati: Saa Mbili Bwera, Saa Saba Kasindi

Somo lililofundishwa Bwera mbele ya viongozi na waumini wa pande zote mbili za mpaka, limeandikwa upya kwa ajili ya gazeti letu la kumbukumbu

 

  Niliposimama kufundisha somo hili, wengine walidhani nitafundisha juu ya siku za mwisho, maana kichwa kilisema "wakati". Nikawaambia hapana. Leo tunafundisha juu ya Jumatatu. Tunafundisha juu ya kwenda Kasese kulipa karo, kuvuka Kasindi kununua mafuta ya mawese, kumpeleka mtoto hospitali, na kufika kwenye mkutano saa uliyosema utafika. Usicheke. Mambo haya madogo ndiyo yanayokula maisha yetu, na ndiyo yanayoleta maneno kati ya ndugu na ndugu.

Fungua Zaburi ya 90. Ni maombi ya Musa. Musa hakukaa pale akiomba aongezewe miaka. Aliomba afundishwe hesabu ya siku alizo nazo, ili moyo wake upate busara. Halafu nenda Waefeso sura ya 5. Paulo anaandika juu ya wakati kama mtu anayeongea juu ya shamba lililowekwa rehani: lazima ulikomboe, usipolikomboa linakwenda. Sasa nakuuliza, siku yako ya jana iko mkononi mwako au iko rehani kwa mtu mwingine?

1. MTO MMOJA, SAA MBILI

Sisi wa ushirika huu tuna jambo ambalo makanisa ya Kampala au Nairobi hayana. Katikati yetu unapita mto Lhubiriha. Ni mto tu. Ng'ambo na huku ni watu wa ukoo mmoja. Mukonzo wa huku na Munande wa kule wakisalimiana hakuna anayehitaji mkalimani. Lakini ukivuka daraja, saa inabadilika. Uganda inafuata saa ya Afrika Mashariki. Congo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yako ikionyesha 8:00 asubuhi Mpondwe, ya ndugu yako Kasindi inaonyesha 7:00.

Hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi, na wengi hatulitaji kwa sababu tunadhani Kiswahili ni kimoja. Sisi wa Uganda, kama ndugu zetu wa Kenya na Tanzania, tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka. Tukisema saa mbili asubuhi, saa ya mkononi inaonyesha 8:00. Ndugu wengi wa Congo wanahesabu kwa kufuata Kifaransa: wakiona 7:00 wanasema saa saba, wakiona 10:00 wanasema saa kumi. Kwa hiyo dakika ile ile, jua lile lile, mtu wa Bwera anasema "ni saa mbili" na mtu wa Kasindi anasema "ni saa saba". Wote wawili wanasema kweli. Hakuna mwongo hapo.

Sasa sikia jambo lililotokea kati yetu. Mzee mmoja wa tawi la ng'ambo alilala katika Bwana. Simu ikapigwa Bwera: mwili unatoka nyumbani kesho saa kumi. Ndugu wa Bwera wakajipanga vizuri. Wakakusanya rambirambi, sukari, maharage, wakatafuta gari. Wakasema, saa kumi jioni ni mbali, tutoke hapa saa nane, tutafika mapema. Wakafika wakakuta kaburi limefunikwa, watu wametawanyika, viti vinarudishwa. Saa kumi ya kule ilikuwa 10:00 asubuhi ya Congo, yaani saa tano asubuhi ya huku. Walichelewa kwa zaidi ya saa tatu, na wao walijua wamewahi!

Unajua kilichofuata? Familia ikasema, "Wa Uganda wanatupenda wakati wa semina tu." Wa Bwera nao wakanung'unika, "Hawakutaka tumzike mzee wetu." Ilichukua miezi kuwapatanisha. Vikao vikafanyika, maombi yakafanyika, wengine wakaanza kukemea roho ya utengano. Ndugu, hapakuwa na roho yoyote pale. Palikuwa na neno "saa kumi" bila maelezo.

Basi tangu sasa, tangazo lolote linalovuka mto liandikwe kwa tarakimu, pamoja na jina la nchi, pamoja na neno asubuhi, mchana au jioni. Hivi: "Ibada itaanza 10:00 asubuhi saa ya Uganda, 9:00 asubuhi saa ya Congo." Mwisho. Ukipiga simu, usikate kabla hujamwomba mwenzako arudie kwa maneno yake. Mwulize, "Jua litakuwa wapi?" Saa zinaweza kutuchanganya, lakini jua letu ni moja.

Na angalia simu yako. Simu nyingi hujipangia saa kutoka kwenye mtandao. Ukiwa karibu na mto inaweza kushika mnara wa ng'ambo, saa ikarudi nyuma bila kukuuliza. Unaamka unasema bado mapema, kumbe gari limeondoka. Wewe unayelala karibu na mpaka, ondoa huo mpango wa saa kujibadilisha yenyewe, uiweke kwa mkono. Au fanya kama wazee: vaa saa ya mkononi.

2. MCHANA WETU UNA SAA KUMI NA MBILI

Katika Yohana sura ya 11 Bwana Yesu anawakumbusha wanafunzi kwamba mchana una saa kumi na mbili. Kwa watu wa Ulaya hilo ni gumu kidogo, maana kwao mchana hurefuka na kufupika kwa majira. Kwa sisi ni kweli ya kila siku. Mstari wa ikweta unakata barabara kusini ya mji wa Kasese, karibu na Kikorongo. Iwe Januari, iwe Julai, jua letu linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni kwa saa ya Uganda. Mungu ametupa mchana ambao hautudanganyi. Hatuwezi kusingizia majira ya baridi!

Kwa hiyo mtu wa Bwera anayepanga siku yake anajua mtaji wake: saa kumi na mbili za mwanga, tajiri na maskini sawasawa. Chukua daftari. Kwa wiki moja andika kila jioni saa zako zimekwenda wapi. Usiandike kwa ajili ya mchungaji, andika kwa ajili yako. Utaona vitu vitatu vinavyokula: kungoja, kurudia, na kwenda mahali mara mbili kwa jambo la mara moja. Kazi yenyewe hailaumiwi sana. Kinacholaumiwa ni njia ya kuifikia.

3. SAFARI MOJA, KAZI NYINGI

Kutoka Bwera kwenda Kasese ni zaidi ya kilomita 50. Kwenda na kurudi, umevuka 100. Namjua mama mmoja aliyefuatilia karatasi moja ya mtoto wake. Siku ya kwanza alifika ofisini akaambiwa hana barua ya mwenyekiti wa LC. Akarudi. Siku ya pili alikuwa na barua, hana picha. Akarudi. Siku ya tatu alikuwa na vyote, lakini hakuwa na kopi ya kitambulisho, na mashine ya kopi ilikuwa haina umeme. Alipata msaada jioni kabisa. Hesabu: zaidi ya kilomita 300 kwa karatasi moja! Nauli ya mara tatu, siku tatu za shamba, na kila siku watoto wamepikiwa na jirani.

Mama huyu hakuwa mvivu. Aliamka alfajiri siku zote tatu. Kuamka alfajiri peke yake hakutoshi. Unaweza kuwahi mahali ambapo hukutakiwa kwenda. Bwana Yesu katika Luka 14 anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini, anahesabu gharama. Angalia mpango huo. Anakaa kwanza, ndipo anasimama.

Basi kaa chini jioni ya kuamkia safari, ufanye haya.

Andika kazi zote unazotaka kufanya mjini. Usizibebe kichwani, kichwa husahau chumvi na kukumbuka ugomvi.

Uliza kabla ya kwenda. Mpigie aliyewahi kushughulikia jambo hilo, mwulize karatasi gani zinatakiwa, ngapi, na mtu anayetia sahihi yupo siku gani. Simu ya dakika mbili inaweza kuokoa nauli ya siku nzima.

Weka bahasha moja ya nyumba. Ndani yake kitambulisho, kopi zake tatu au nne, picha ndogo, kadi za kliniki za watoto, risiti za karo. Bahasha ikae mahali pamoja, na mtu zaidi ya mmoja nyumbani apajue. Wengine wetu tunatafuta kitambulisho asubuhi ya safari huku boda inapiga honi nje!

Panga kazi kwa mahali na kwa zamu. Ofisi na benki kwanza, maana zina foleni na zinafunga. Vifaa vya dukani baadaye. Soko la mwisho kabisa, maana nyanya hazipendi kuzunguka nawe benki, na mfuko wa unga si mzigo wa kubeba ukiwa kwenye foleni. Kama una mgonjwa wa kumwona hospitali, angalia saa za kuona wagonjwa kwanza, ndipo upange mengine kuizunguka saa hiyo.

Jua siku zako. Jumanne na Ijumaa ni siku za soko Mpondwe. Kama unavuka kuuza au kununua, hizo ndizo siku zako, na uwe darajani mapema. Kama unavuka kumwona shangazi au kupeleka barua ya kanisa, kwa nini upambane na mikokoteni na mizigo ya watu wote? Nenda Jumatano.

Badilisha pesa mchana, ukiwa umetulia. Shilingi, faranga za Congo na dola zote zinatembea mpakani kwetu. Anayebadilisha jioni akiwa mbioni hahesabu vizuri, na akifika nyumbani ndipo anaona noti imechanika au haitoshi. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na mpakani haina hata risiti.

Na tafadhali, muda wa kunawa mikono na kupimwa joto usiuhesabu kuwa muda uliopotea. Tunakumbuka Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini mwezi wa 8 mwaka 2018. Tunakumbuka mwezi wa 6 mwaka 2019, ilipothibitishwa kwa mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake, akapokelewa hapa hospitali ya Bwera. Dakika zile tulizosimama kwenye foleni ya Mpondwe zililinda maisha ya watu. Kuna kungoja kwa hasara na kuna kungoja kwa hekima. Panga dakika za mpakani ndani ya safari yako tangu mwanzo, usizipangie hasira.

4. TUTUMANE, LAKINI KWA DAFTARI

Nehemia alijenga ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Soma sura ya 3 utaona siri yake: wengi walijenga sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba zao wenyewe. Hakumchukua mtu wa mashariki akamtembeza hadi magharibi kila asubuhi. Kila mmoja alifanya kazi pale alipokuwa karibu.

Na sisi tufanye hivyo. Katika seli moja ya nyumba kumi za Bwera, utakuta wiki moja watu sita wamekwenda Kasese, kila mtu kwa siku yake, kila mtu kwa jambo moja. Mmoja dawa ya mbuzi, mmoja kitabu cha shule, mmoja kupeleka simu kutengenezwa. Mambo hayo matatu mtu mmoja angeyamaliza kabla ya saa tisa mchana. Tukikutana kwenye maombi ya seli, kabla ya kufunga tuulizane: nani anakwenda mjini wiki hii? Nani anavuka? Anayekwenda abebe mahitaji ya wenzake, na wiki ijayo mwingine.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Jambo hili linaweza kujenga upendo na linaweza kuubomoa. Nimeona ndugu wawili walioacha kusalimiana kwa sababu ya chenji ya elfu tatu. Kwa hiyo tuwe na kanuni. Anayetuma atoe pesa yote mapema, hakuna "nikulipe ukirudi". Aandike anachotaka, aina yake, kiasi chake, na bei ambayo hataki ivuke. Anayetumwa arudishe risiti na chenji siku ile ile, hata kama ni shilingi mia mbili. Kitu kikikosekana, asinunue kingine kwa kukisia, apige simu. Na asitumwe mtu kubeba mzigo asioujua. Mpaka ni mpaka. Mfuko uliofungwa ambao hujui ndani kuna nini, usiubebe, hata kama aliyekupa anaongoza sifa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki pia.

Wapo kati yetu wasiojua kukataa. Mama mmoja wa kanisa, kwa sababu ana moyo mzuri na binti zake ni wakubwa, kila mtu anamtuma. Yeye ndiye anapika mazishi, yeye anapokea wageni wa semina, yeye anakwenda kuchukua nguo za kwaya. Mshika mbili moja humponyoka; huyu ameshika saba. Soma Kutoka sura ya 18. Musa alikaa kuamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, watu wamesimama wanangoja. Mkwe wake Yethro alimwambia wazi kwamba jambo hilo halifai, atachoka yeye na watu watachoka. Kumbuka, Musa alikuwa mtu wa Mungu, alikuwa ameona kijiti kikiwaka moto. Hata hivyo alihitaji baba mkwe wa kumfundisha ratiba! Musa akakubali, akachagua viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Viongozi wetu wa matawi, mkimwona mama wa namna hii, msimsifu tu jukwaani. Mpunguzieni mzigo.

5. WAKATI WA WENGINE SI MALI YAKO

Hapa naongea na sisi tunaoshika maikrofoni. Kikao cha watu 40 kikianza saa moja baada ya muda, tumepoteza saa 40. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja kwa siku tano, saa nane kila siku. Tungekuwa tumeiba pesa ya siku tano za mtu, tungeitwa mbele ya kanisa. Tukiiba saa, tunasema "Bwana asifiwe, tuvumiliane".

Wengine husema, "Roho Mtakatifu hafungwi na saa." Amina, hafungwi. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni anafungwa na saa. Kijana wa kuvuka kwenda Kasindi anafungwa na saa. Roho huyo huyo, ukisoma 1 Wakorintho 14, anataka mambo yote yaende kwa utaratibu. Mhubiri akipewa dakika 40, ahubiri 40 na kushuka. Neno likibaki, kesho ipo, na watu watarudi wakiwa na njaa.

Na kwetu sisi jambo hili si adabu tu. Hatujasahau Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023, bomu lilipolipuka kanisani Kasindi watu wakiwa ibadani. Hatujasahau usiku wa tarehe 16 Juni mwaka ule ule, wanafunzi walipouawa katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe. Tunawajua wazazi wao. Tunaishi mahali ambapo kufika nyumbani mchana ni neema ya kuilinda. Saa za kufunga mpaka hubadilika kulingana na usalama, kwa hiyo mratibu wa mkutano aulize siku ile ile, asitegemee alivyosikia mwezi uliopita. Mkutano wowote unaokusanya pande zote mbili umalizike mapema, ili wa mbali wafike majumbani mwao jua likiwa bado juu. Mkimaliza saa kumi jioni ya Uganda, kule ni 3:00 mchana. Hiyo ni nafasi nzuri. Mkianza kugawa chakula jua linapozama, mmewahatarisha watu mliowaombea ulinzi.

Neno lingine fupi juu ya kesha. Kesha ni nzuri, na tumejibiwa mengi kwenye kesha. Lakini ukitoka kesha usipande pikipiki kwenda Kasese na macho mekundu. Lala kwanza. Na ukijua una kazi ya watu Jumamosi asubuhi, mteja amekulipa, usimfungie duka ukasema ulikuwa mbele za Bwana. Mwambie Ijumaa, ukubaliane naye saa nyingine. Mteja wako asiyeokoka anasoma Injili kwenye ahadi zako kabla hajaisoma kwenye Biblia.

6. MWANAMKE ALIYEGUSA VAZI

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Nisije nikawatuma nyumbani mkawa watu wa saa, mnapita jirani anayelia mkisema "niko kwenye ratiba".

Fungua Marko sura ya 5. Yairo amekuja, binti yake yuko kufani. Yesu anakwenda naye. Hiyo ni safari ya haraka, si ndiyo? Njiani mwanamke mwenye ugonjwa wa damu wa miaka kumi na miwili anagusa vazi lake. Yesu anasimama. Anauliza nani amenigusa. Wanafunzi wanashangaa, watu wote hawa wanasukumana! Lakini yeye anangoja hadi mwanamke ajitokeze na kueleza habari yake yote. Habari ya miaka kumi na miwili haimalizwi kwa dakika moja. Fikiri juu ya Yairo aliyesimama pembeni. Halafu ujumbe unakuja kwamba mtoto amekufa. Bado Yesu anakwenda, na mtoto anafufuka.

Nimejifunza jambo kubwa hapo. Yesu alikuwa na safari, na safari aliimaliza. Lakini ratiba yake ilikuwa na nafasi ya mtu. Wewe ukiijaza siku yako hadi ukingoni, kila anayekusimamisha atakuwa adui yako. Utamjibu mtoto wako vibaya, utampita mjane barabarani. Kwa hiyo ukiwa na kazi za saa nane, usizipange saa nane. Acha saa moja bila jina. Iite saa ya Bwana ukipenda. Mvua ikinyesha barabarani, itaila mvua. Gari likiharibika Kikorongo, italiwa na gari. Na akitokea mtu anayehitaji kusikilizwa, utakuwa na cha kumpa. Hii ndiyo sababu yenyewe ya kutunza muda. Hatuokoi saa ili tuziweke benki. Tunaziokoa ili tuwe na za kuwapa watu.

Wazee wetu wa Kasese wanakumbuka reli iliyofika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Treni haikumsubiri mtu, na watu walijifunza kuwahi. Hiyo ni nidhamu nzuri. Lakini treni haiwezi kusimama kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyegusa behewa. Mkristo awahi kama treni, na awe na moyo wa kusimama kama Bwana wake.

7. TUANZE WIKI HII

Ndugu msomaji, usifunge gazeti hili ukasema "somo zuri" ukaishia hapo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nakupa kazi tano.

Moja: leo jioni tengeneza ile bahasha ya karatasi za nyumba.

Mbili: kila usiku andika kazi tatu za kesho, na uanze na ile unayoiogopa.

Tatu: kwenye seli yako, anzisheni daftari la kutumana, na achaguliwe mtu mwaminifu wa kulitunza.

Nne: tangazo lolote la kuvuka mto libebe saa zote mbili, ya Uganda na ya Congo. Katibu wa tawi akiandika "saa nane" peke yake, arudishiwe karatasi yake kwa upendo.

Tano: mtafute ndugu mmoja wa ng'ambo ambaye uliwahi kumkasirikia kwa kuchelewa, umwulize taratibu siku ile yeye alisikia saa ngapi. Inawezekana kabisa kwamba alifika kwa saa aliyoambiwa.

Hilo la mwisho ndilo ninalolitamani kuliko yote. Tumeandika historia ya ushirika wetu kwenye kurasa nyingine za gazeti hili: matawi yaliyofunguliwa, watu waliobatizwa, viwanja vilivyonunuliwa. Tushukuru kwa hayo. Lakini umoja wetu unapimwa kwenye mambo kama haya: kama ndugu wa Kasindi akisema atafika, wa Bwera anaweka chai jikoni, na kama wa Bwera akisema atatuma dawa, wa Kasindi anamwambia mgonjwa atulie, itafika.

Bwana aliyeweka jua kutawala mchana na mwezi kutawala usiku akufundishe hesabu ya siku zako. Akupe miguu ya kuwahi, masikio ya kuelewa saa ya mwenzako, na moyo ambao haukosi nafasi ya mtu. Akulinde unapotoka na unaporudi, huku na ng'ambo ya Lhubiriha.

  Amina.